Chuo Kisicho na Jina Kubwa na Kazi ya Kuwekeza Katika Kampuni Changa: Jibu kwa Msomaji wa Newala

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Newala. Nimesoma shahada ya kwanza ya utawala wa biashara, upande wa fedha, katika chuo kimoja hapa Mtwara na nimemaliza kwa GPA ya 3.9. Kwa sasa ninaandika vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinachokusanya korosho. Nia yangu ni kufanya kazi katika mfuko wa mtaji wa ubia, yaani ile mifuko inayonunua hisa za kampuni changa. Nimetuma wasifu wangu kwa mifuko kadhaa ya Dar es Salaam na Nairobi, sijapata jibu hata moja. Rafiki yangu anayesoma nje ananiambia kwamba bila chuo chenye jina nisahau kabisa, na ananishauri nikope fedha nikasome shahada ya uzamili Ulaya. Je, ni kweli? Na je, nihamie Dar es Salaam sasa?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na nitayajibu yote, lakini si kwa urefu ulio sawa, kwa sababu moja kati ya hayo ndilo linaloamua mengine.

Rafiki yako amesema kweli kwa nusu. Jina la chuo lina uzito katika kazi hii kuliko katika kazi nyingi za fedha, na sioni faida ya kukuficha. Mwaka 2018 mwekezaji wa Marekani aitwaye Richard Kerby alipitia wasifu wa watu walioajiriwa katika mifuko ya mtaji wa ubia nchini humo, akakuta kwamba takriban asilimia 40 yao walipita katika vyuo viwili tu, Harvard na Stanford. Afrika Mashariki haiko mbali na hali hiyo. Sehemu kubwa ya fedha zinazowekezwa na mifuko ya Nairobi hutoka Ulaya na Marekani, wanaoziomba ni watu wanaofahamiana tayari na wenye fedha hizo, na binadamu akipewa nafasi ya kuajiri huwa mwepesi wa kumwamini aliyepita njia aliyoipita yeye. Hata kijana aliyemaliza Mlimani au Mzumbe hukutana na ugumu huo, kwa hiyo usidhani kwamba ungesoma Dar es Salaam barua zako zingejibiwa zote.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu chuo, piga hesabu ya mfuko wenyewe. Tuseme mfuko una dola milioni 20, ambao kwa ukanda wetu ni mfuko wa kawaida. Waliotoa fedha hizo humlipa msimamizi ada ya takriban asilimia 2 kwa mwaka, yaani dola 400,000, na mwishoni, iwapo kuna faida, msimamizi huchukua takriban asilimia 20 ya faida hiyo. Katika zile dola 400,000 za kila mwaka zinatoka mishahara ya wabia, yaani wakuu wanaouendesha mfuko, kodi ya ofisi, malipo ya mawakili na wakaguzi wa hesabu, na safari za kwenda kuziona kampuni. Kinachobaki kinatosha kuajiri watu wachache sana. Ofisi nzima inaweza kuwa na watu watano, na kati yao mchambuzi wa ngazi ya chini ni mmoja au wawili. Mfuko wenyewe kwa kawaida huishi miaka 10, huku uwekezaji mpya ukifanyika katika miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo na miaka inayobaki ikitumika kuzilea na kuziuza hisa zilizokwisha kununuliwa. Ndiyo maana ukituma maombi kwa mfuko ulio katika mwaka wake wa saba, hata ungekuwa na shahada ya Harvard, huenda hakuna kiti. Nafasi hupatikana zaidi pale mfuko unapotangaza kwamba umekusanya fedha mpya. Habari za aina hiyo hutangazwa hadharani, na vyama vya sekta, kama EAVCA cha Nairobi na AVCA chenye makao yake London, huzifuatilia kwa karibu. Anza kuzifuatilia na wewe.

Sasa tulitazame jina la chuo lenyewe, linafanya kazi gani. Wewe umeuona mnada wa korosho. Mnunuzi aliye mbali hawezi kufungua kila gunia lililoko ghalani, kwa hiyo anategemea daraja lililoandikwa. Lakini pale sampuli inapokatwa mbele yake na kokwa zikaonekana, maandishi ya nje hupungua nguvu. Mwajiri mwenye maombi mia tatu mezani naye anatafuta daraja la kusoma haraka, na jina la chuo ndilo daraja hilo. Huwezi kumwondolea haja ya daraja, lakini unaweza kumpa sampuli. Wasifu uliomtumia haukuwa na sampuli yoyote. Ulikuwa na jina la chuo asichokifahamu, GPA asiyojua kuipima, na sentensi inayosema una ari ya kujifunza, ambayo waombaji wote huiandika.

Sampuli ya kazi hii ni uamuzi ulioandikwa. Mchambuzi wa mfuko hulipwa kwa kutazama kampuni, kuuliza maswali sahihi, na kuandika andiko la kurasa chache linalosema: tuwekeze au tusiwekeze, kwa thamani gani, na kwa sababu gani. Kuliandika andiko hilo hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Unaweza kuliandika ukiwa Newala, juu ya kampuni inayojulikana hadharani au juu ya aina ya biashara unayoiona kila siku, na likawa bora kuliko la mtu aliyeko London kwa sababu wewe unajua mambo ambayo yeye angehitaji mwezi mzima kuyaulizia.

Nikuoneshe ninachomaanisha. Chukua wazo ambalo huletwa mara nyingi kwenye mifuko: kampuni itakayowakopesha wakulima wa korosho salfa ya kupambana na ubwiriunga, kisha irejeshewe fedha zake kwa makato kupitia AMCOS baada ya mnada. Kwenye karatasi linavutia, maana wakulima ni wengi, mahitaji ni ya kila mwaka, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, unaifanya fedha ya mkulima ipite mahali panapojulikana. Sasa weka nambari za mfano. Kampuni inanunua mifuko 10,000 ya salfa kwa shilingi 40,000 kila mmoja, jumla shilingi milioni 400, na inawakopesha wakulima kwa nyongeza ya asilimia 15, kwa hiyo inadai shilingi milioni 460. Asilimia 5 ya deni isipolipwa, imepoteza milioni 23, na faida ya milioni 60 imeshuka hadi milioni 37. Fedha yenyewe ilikopwa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na kwa kuwa salfa hutoka Mei au Juni na malipo ya minada huja kuanzia Oktoba na kuendelea, mkopo umekaa takriban miezi sita: riba ni shilingi milioni 36. Imebaki milioni moja, na hapo hujamlipa dereva, mtunza stoo wala wewe mwenyewe.

Mtu yeyote anayejua kutumia Excel angeweza kufika hapo. Wewe unaweza kwenda mbele zaidi. Unajua kwamba katika misimu ya karibuni serikali imekuwa ikigawa pembejeo za korosho kwa ruzuku, kwa hiyo kampuni hii ingekuwa inauza kwa mkopo kitu ambacho mkulima anatarajia kukipata bila kulipa. Unakumbuka Novemba 2018, wanunuzi binafsi walipogomea bei, serikali ikaamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatumia wanajeshi kuisomba, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo. Kampuni inayotegemea makato ya Oktoba ingefanya nini mwaka ule? Unakumbuka pia mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ya mbaazi huku kwetu ikaporomoka, jambo linaloonesha kwamba hatari ya kuwakopesha wakulima wa kusini inaweza kuamuliwa New Delhi. Halafu unageuza swali, na hapa ndipo mwajiri huacha kupitisha macho na kuanza kusoma: je, kuna namna ya kufanya fedha hiyo hiyo izunguke zaidi ya mara moja kwa mwaka? Ufuta wa Lindi huanza kuuzwa karibu na Juni, mbaazi hufuata kuanzia Agosti, na korosho huingia Oktoba. Kampuni inayohudumia mazao yote matatu, tuseme kwa kuwalipa wakulima mapema dhidi ya mzigo uliokwisha kupokelewa ghalani badala ya kuwakopesha pembejeo shambani, inaweza kuzungusha mtaji mara mbili au tatu kwa mwaka, na kukopesha juu ya mali ambayo tayari imepimwa na kuandikiwa stakabadhi. Sisemi kwamba biashara hiyo itafanikiwa. Kuna mabenki, kuna vyama vikuu kama TANECU, MAMCU na RUNALI vyenye nguvu zao, na kuna sheria za ushirika za kuzingatia. Ninasema kwamba andiko linalofikiri hivyo, lenye kurasa mbili au tatu, linasomwa mpaka mwisho hata kama mwandishi wake hakusoma Oxford.

Andika maandiko matatu au manne ya aina hiyo katika miezi sita ijayo, na angalau moja liwe la kukataa. Vijana wengi huandika maandiko ya kusifu tu, kana kwamba mwekezaji hulipwa kwa kupenda kampuni, ilhali sehemu kubwa ya kazi ni kukataa, na kukataa kwa sababu zinazoeleweka. Utahitaji kuyaandika kwa Kiingereza safi, kwa kuwa ndiyo lugha ya kamati za uwekezaji kuanzia Dar es Salaam hadi Lagos. Kama Kiingereza chako cha kuandika bado kinasuasua, kipe muda mwingi kuliko unaoupa somo jingine lolote, maana ni kikwazo ambacho waombaji wengi wa kwetu wenye akili nzuri hukwama hapo kimyakimya.

Kuna jambo la msingi ambalo usipolielewa maandiko yako yatakusaliti: biashara nzuri si lazima iwe biashara ya mtaji wa ubia. Mfuko wa aina hii hununua hisa katika kampuni labda 20, ukijua kwamba nyingi zitakufa au zitarudisha kilekile kilichowekwa, na kwamba moja au mbili ndizo zitakazobeba mfuko mzima. Chukulia kwamba mfuko wetu wa dola milioni 20 umebaki na asilimia 10 ya kampuni fulani baada ya wawekezaji wengine kuingia na kupunguza sehemu yake. Ili kampuni hiyo peke yake irudishe dola milioni 20, ni lazima iuzwe kwa dola milioni 200. Mwanzoni mwa 2020 Circle Gas ilinunua teknolojia ya KopaGas, kampuni iliyoanzia Tanzania ya kuuza gesi ya kupikia kwa malipo kidogo kidogo, kwa dola milioni 25, na ilikuwa habari kubwa nchini, tena kwa haki. Lakini mwenye asilimia 10 katika mauzo ya kiasi hicho angepata dola milioni 2.5, ambazo ni sehemu ya nane tu ya mfuko wetu wa mfano. Sasa fikiria kiwanda cha kubangua korosho Masasi kinachoajiri kina mama mia mbili na kupata faida ya heshima kila mwaka. Ni biashara ninayoitamani iwepo katika kila wilaya ya kusini, na inastahili mkopo wa TADB, benki ya maendeleo ya kilimo, au dhamana ya PASS, taasisi inayodhamini mikopo ya kilimo, lakini haikui mara hamsini katika miaka saba, kwa hiyo mfuko wa mtaji wa ubia hauwezi kuinunua. Katika usaili, mwombaji anayeweza kusema "biashara hii ni nzuri lakini si yetu, na fedha inayoifaa ni hii" huonekana mara moja kwamba ameielewa kazi.

Usije ukadhani kwamba ninakupa matumaini yasiyo na mfano. Don Valentine, aliyeanzisha mfuko wa Sequoia wa Marekani mwaka 1972, alisoma Fordham, chuo cha Wajesuti cha New York ambacho hakuna aliyekiweka kwenye mizani moja na Harvard. Alichokuwa nacho ni miaka ya kuuza vifaa vya elektroniki akiwa Fairchild na baadaye National Semiconductor, ambako alijifunza ni nani hasa ananunua teknolojia mpya na kwa sababu gani. Maarifa hayo ya soko ndiyo aliyoyatumia alipowekeza katika Atari na Apple. Yupo pia Arlan Hamilton, ambaye hana shahada kabisa na aliyeanzisha Backstage Capital mwaka 2015. Lakini yeye hakuajiriwa, alikusanya fedha za mfuko wake mwenyewe, na njia hiyo ni ya wachache mno, sikushauri uanze nayo. Mfano wa Valentine ndio ulio karibu na wewe: aliingia kwenye uwekezaji akitokea kwenye biashara, akiwa na kitu anachokijua kuliko wawekezaji wenyewe.

Kwa hiyo, hatua yako inayofuata isiwe mfuko. Iwe kazi katika kampuni changa ambayo tayari imepata mtaji wa ubia, au inayoelekea kuupata, kwa miaka miwili hadi minne. Kampuni kama Ramani, inayowahudumia wasambazaji wa bidhaa, ambayo mwaka 2022 ilitangaza kupata dola milioni 32 zikiwa mchanganyiko wa mtaji na mkopo, au NALA ya kutuma fedha kwa simu, iliyokusanya dola milioni 40 mwaka 2024, zinahitaji watu wa hesabu, watu wa shughuli za mikoani na watu wa kuchambua mikopo, na hazina muda wa kujadili umesoma wapi iwapo unaweza kufunga hesabu za mwezi kwa wakati. Zipo pia kampuni za umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo zilizo na mawakala mpaka vijijini, na ndani ya kampuni ya namna hiyo utajifunza kwa macho yako kwa nini mteja anayelipa vizuri msimu wa korosho huacha kulipa Machi. Ukiwa kwenye idara ya fedha, jitolee kuandaa taarifa inayopelekwa kwa wawekezaji kila robo mwaka. Hiyo ndiyo njia fupi ninayoijua ya kufahamika na mifuko: wachambuzi wao watakupigia wewe kuuliza nambari, mwaka mzima, na watajifunza wenyewe kwamba nambari zako haziyumbi. Zaidi ya hapo, mwanzilishi wa kampuni akimwambia mwekezaji wake "huyu kijana mchukueni", neno hilo lina uzito kuliko barua hamsini, kwa sababu nafasi nyingi katika mifuko hujazwa bila kutangazwa.

Kazi za jirani nazo si za kudharau. Dawati la mikopo ya biashara ndogo katika benki, PASS, taasisi zinazolea kampuni changa kama Sahara Ventures na Buni Hub za Dar es Salaam, au Tanzania Startup Association: zote zinakuweka mahali ambapo kampuni changa zinapita. Ila benki ina hatari moja, nayo ni kwamba hukufundisha kuuliza "dhamana iko wapi?" mpaka ukasahau kuuliza "hii inaweza kuwa kubwa kiasi gani?". Ukikaa huko, kaa ukijua hilo.

Kuhusu vyeti, maoni yangu yanatofautiana na ya wengi. Vijana hukimbilia CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, kwa sababu inasikika vizuri, na ni mtihani mzuri kwa anayekwenda kusimamia hisa za soko. Kwa kampuni changa za Tanzania, CPA(T), cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu nchini, ingekufaa zaidi. Tatizo la kwanza ambalo mwekezaji hukutana nalo huku ni vitabu visivyoeleweka: fedha za mwanzilishi zimechanganyika na za kampuni, mauzo yameandikwa kabla ya kupokelewa, madeni ya kodi hayajaonekana popote. Mtu anayeweza kukaa na vitabu hivyo siku mbili na kutoka na picha ya kweli anatafutwa. Jifunze pia kusoma rekodi za kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na kutengeneza jedwali la wanahisa. Jedwali hilo linaogopwa bila sababu: waanzilishi wenye hisa 800,000 wakimpa mwekezaji hisa mpya 200,000, yeye ana asilimia 20, kampuni ikitoa tena hisa mpya zinazompa mwekezaji wa pili asilimia 20 ya kampuni nzima, wa kwanza anabaki na asilimia 16. Rudia hesabu hiyo kwa raundi tatu au nne, ongeza hisa zinazotengwa kwa wafanyakazi, na utakuwa umewapita waombaji wengi.

Tukirudi kwenye shauri la kukopa ili ukasome Ulaya, jibu langu ni hapana. Shahada ya uzamili ya biashara katika vyuo vikubwa vya Marekani inazidi dola 100,000 kwa ada peke yake, na hata vyuo vya Ulaya vya bei nafuu zaidi vitakuacha na deni ambalo mshahara wa mchambuzi wa Dar es Salaam utalilipa kwa miaka mingi. Baya zaidi, deni hilo litakulazimisha ukirudi kuchukua kazi yoyote inayolipa vizuri mara moja, na kazi hiyo kwa kawaida haiwi katika mfuko mdogo. Ufadhili ni jambo jingine kabisa. Chevening ya Uingereza hugharamia mwaka mmoja wa shahada ya uzamili na hudai mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni takriban miaka miwili. Baada ya masomo unatakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Stanford nayo ina ufadhili wa MBA kwa Waafrika unaodai mhitimu arejee kufanya kazi Afrika. Ukishafanya kazi miaka mitatu katika kampuni changa na ukawa na maandiko yako mkononi, omba hizo kwa nguvu zako zote, maana hapo jina la chuo litaongezeka juu ya kitu ulicho nacho tayari.

Barua unazotuma pia zibadilike. Usimwandikie mbia mkuu. Mwandikie mchambuzi au meneja wa uwekezaji, ambaye ndiye anayesoma. Usiombe kazi katika barua ya kwanza. Ingekuwa mimi niko mahali pako, ningeandika hivi: "Nimeona mfuko wenu umewekeza katika kampuni inayowakopesha wauzaji wa pembejeo. Ninatunza hesabu za AMCOS ya korosho wilayani Newala. Nimeandika kurasa mbili juu ya muda ambao mtaji hukaa bila kuzunguka katika mikopo ya salfa, na kwa nini nadhani kukopesha dhidi ya stakabadhi ya ghala ni salama zaidi. Nimeambatisha. Ningependa kujua ni wapi hesabu zangu zinatofautiana na mnachokiona ninyi." Barua hiyo ina mtu, mahali, wazo na swali linalojibika. Baadhi hawatajibu. Atakayejibu, mjibu ndani ya siku mbili, na baada ya miezi mitatu mpelekee andiko jingine.

Swali lako la mwisho: nihamie Dar es Salaam sasa? Bado. Ukienda leo utakuwa mmoja kati ya maelfu wanaozunguka na wasifu, unalipa kodi ya chumba kwa akiba ndogo, umekiacha kitu pekee ulichokuwa nacho na wao hawana. Kaa msimu huu wote mpaka malipo ya mwisho ya wakulima. Makao makuu ya Bodi ya Korosho yako Mtwara mjini, watafiti wa kilimo wa TARI wako Naliendele, na wanunuzi, wasafirishaji na waendesha maghala wote wanapita hapo kati ya Oktoba na Januari. Waulize kila mmoja fedha yake inakaa wapi na kwa muda gani kabla ya kumrudia. Usaili wa kwanza wa kampuni na mifuko siku hizi hufanyika sana kwa video, kwa hiyo hutapoteza nafasi kwa kuwa mbali. Safari ya Dar es Salaam ifanye unapoitwa kwa hatua ya pili, na uhame unapokuwa na barua ya ajira mkononi.

Tahadhari moja tu katika hayo yote. Takwimu za chama chako, majina ya wakulima, kilo zao na makato yao, ni mali ya wanachama, hata kama ni wewe uliyeziandika kwa mkono wako. Usiziweke katika andiko lolote bila idhini ya bodi ya chama. Tumia bei za minada zinazotangazwa hadharani na nambari za mfano kama nilivyofanya hapa, na pale unapohitaji takwimu halisi, mwombe mwenyekiti kwa maandishi, umweleze andiko linakwenda kwa nani. Mwekezaji makini atakuuliza umezipata wapi, na jibu lako litakuwa sehemu ya usaili.